Muguu ya Nyuma ya Kikwembe

Mimi niliangukaka na baba mukwe wangu katikati ya kanisa, yeye juu, mimi chini, maharagi imetawanyika mupaka chini ya bintebe. Nasema hiyo mbele kabisa juu nawajua ninyi, mukianza kucheka hamuachake, basi mucheke sasa mumalize, kisha munisogezee kiti niwaelezee, maana kule kuanguka ilikuwa mwisho tu, aibu yenyewe ilianzaka na kikwembe kimoja, nguo ya kujifunga, nilitundika ku kamba.

Ilikuwa ile miaka ya nyuma kidogo ya dipanda, tukishapata uhuru. Bwana wangu alikuwaka anatumika ku shamba ya chai ya bazungu kule Masisi, na mama yangu mwenye kunizaa akakuja kututembelea, akateleza ku mutelemuko na muzigo ya kuni ku mugongo, akavunjika kiuno, tukamulaza ku kipoyi, tukamubeba ku mabega mupaka ku hospitali ya mission. Pale njo nilionaka kazi yenye sikujuaka kama iko kazi. Kulikuwa masera mumoja, mutawa muzungu, murefu, mwembamba kama muti ya bendera, yeye hakuwa na sindano wala vidonge, kazi yake ilikuwa kukunja batu na kuwakunjua. Balimuitaka kine (ni kifaransa hiyo, maana yake muntu mwenye kufundisha mwili itembee tena).

Mama alilala pale myezi mitatu, mimi pembeni naangalia. Na munanijua, nikiangalia muntu nashika yote, sauti, mukono, hata vile anakohoa. Jioni masera akishaenda kusali, mimi nawafanyia bagonjwa masera, nanyoosha shingo kama korongo, nasema kwa pua: «Vu-ta. Pu-mu-a. Pole-pole, Papa, muguu haiko mulango.» Bagonjwa banacheka mupaka bandaji inafunguka. Basi siku moja niko nakunja goti ya muzee mumoja vile-vile nacheza, nasikia bote bananyamaza mara moja. Nageuka, masera iko ku mulango. Nikajua leo narudi nyumbani. Yeye akakuja pole-pole, hakuangalia uso yangu, aliangalia mikono, akasema, «Rudia.» Nikarudia. Akasema, «Kesho asubui unakuja kutumika.»

Njo vile nilikuwaka kine, mimi mwenye sikukaa hata siku moja ku masomo, kalamu naijua kwa kuona tu. Nilitumika na masera miaka karibu tatu. Bakwetu, ile butamu! Asubui ukungu inafunika hospitali yote, tunasikia tu makofi ya masera, «Haya, haya, haya,» na bagonjwa banatoka ndani ya ukungu na mafimbo yao kama jeshi ya bazee. Na kila siku, kila mugonjwa, neno lake ilikuwa moja: «Toa nguo. Angalia mbele ya kushika. Miguu mbili, Feza, siku zote miguu mbili.» Hata kama unaumwa kidole kimoja, anakuambia utoe na muguu ingine, juu muguu muzima njo inakuambia ile mugonjwa ilipoteza nini. Nilikuwa namucheka. (Mutaona nani alichekwa.)

Kazi ya chai ikaisha, bwana akasema turudi kwao Ntoto. Tukatembea na miguu, mizigo ku kichwa, batoto ku mugongo, na masera alinifungia chupa ya mafuta ndani ya kitambaa, akaniambia, «Kule kwenu kuna miguu mingi, Feza, na hakuna muntu wa kuifundisha.» Nilifika na ile neno ndani ya kifua. Nikaomba bwana na ndugu zake banikatie mianzi, tukasimamisha mianzi mbili za kushikilia mbele ya nyumba, muntu apite katikati akijifunza kutembea, na nikangoja bagonjwa. Bagonjwa hawakukuja. Balikuja bavijana kuuliza kama ni ya kuanika nguo.

Na wifi yangu Odeta, dada mukubwa ya bwana wangu (Mungu amulaze, sauti yake ilikuwa ya kuku mwenye kutaga), akasimama katikati ya lupango, mbele ya nyumba zetu zote, akasema: «Bibi ya ndugu yangu aende kushika-shika mapaja ya batu, na tuseme ni kazi? Baba yetu njo ule pale amekaa. Akiingia ku kanisa na miguu yake siku ya mavuno, tutaamini. Akishindwa, shika jembe kama benzako na utuachie miguu ya batu.»

Baba mukwe wangu, muti ilimuangukia ku muguu akifyeka shamba. Fundi wa mifupa alifunga, mama mukwe akapaka majani yake, mufupa ikaunga muzuri, lakini muguu ikakauka, ikakaa kama mupini, na yeye akakaa pembeni ya moto mwaka muzima. Ule mwanaume, munielewe, njo alikuwaka anaingia wa kwanza ku kanisa siku ya mavuno na kitunga ya maharagi ku kichwa, bengine nyuma. Sasa hata nje ya lupango hatoke. Na kulikuwa mama mumoja wa kilima ya pili, Mama Asifiwe, kabinti kake kamezaliwa na miguu imepinda ndani. Alipita siku moja, akaangalia mianzi yangu, akasema: «Nitangoja nione ya muzee.» Akaenda. Ile njo ilinikaa ku roho kuliko maneno ya Odeta.

Lakini ninyi batoto ya leo, munakaa na baba mukwe ku moto moja mumekumbatiana, hamujue. Zamani, bibi ya mutoto wako hakushikake, hakuitake jina yako, hakusemeshe uso kwa uso. Nikikutana naye ku njia, naingia mu majani. Sasa nitakunja goti yake namna gani?

Masera angesema toa nguo. Mimi nikasema aa, masera ni muzungu, hajue bukwe, ile heshima ya bakwe, nitapata njia yangu. Njo ile njia: nilitundika kikwembe ku kamba katikati ya nyumba, muzee akae ule upande, mimi huku, muguu ipite chini. Moja tu, ile mugonjwa, juu kumutolesha miguu mbili mukwe wangu niliona ni kumuvua nguo. Na ya kusema, rafiki yake Papa Bauma atakuwa katikati, mimi namuambia Bauma, Bauma anamuambia muzee. Nikajiona mwenye akili kuliko masera.

Bauma munamukumbuka? Hapana, mulikuwa hamujazaliwa. Munene, mufupi, anasema kama mwenye kumeza ndizi ya moto. Alikuwa analeta muzee asubui, amemuegemeza ku bega, banaingia, banakaa, mimi nakuja kisha, macho chini. Muguu inatoka. Napaka mafuta, nakanda, nakunja. Bauma ule upande anasema: «Hmmm. Muzee anasema hapo njo penyewe. Hmmm. Muzee anasema uongeze kidogo ya juu ya goti.»

Siku ya kwanza nikashangaa, paja ilikuwa ngumu kama muvule. Nikasema, ee, huyu muzee alikuwa na nguvu, ugonjwa haijamaliza. Nikatafuta kovu ya muti, sikuona, nikasema, kumbe majani ya mama mukwe ni ya ajabu! (Kichwa ikitaka kujidanganya haikose sababu.) Nikafunga kafuko ya muchanga ku muguu ili inyanyue. Ikanyanyua. Juma ya pili nikafunga mbili, ikanyanyua kama inafukuza inzi. Juma ya tatu nikasema sasa mianzi, atembee, na mimi niligeuka nikaangalia migomba, juu ya heshima, nasikia tu nyuma yangu hatua, kwa, kwa, kwa, safi kama ya kijana, na Bauma anasema, «Anapita, Mama Feza. Anapita hata kurudi.» Machozi ilinitoka. Nilikumbuka masera, nikasema, ungeona.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi! Nilienda ku mutoni kuteka maji, nikawaambia bamama, bamama bakawaambia bwana zao, na mimi mwenyewe nikaenda kwa muzee wa kanisa, nikamuambia siku ya mavuno mukwe wangu hatakaa ku kiti, ataleta kitunga yake ku kichwa, tangaza. Akatangaza. Kila mara nikiona muzee nyumbani anaburuta muguu, namutuma mutoto akamuulize, anarudi na jibu ya Bauma: muzee anaficha nguvu, ni ya kushangaza batu. Nikaamini. Odeta hata alinyamaza juma nzima, kitu yenye haijaonekana.

Siku ikafika. Kanisa ikajaa mupaka ku madirisha, harufu ya maharagi mupya na ndizi na mawese, banaimba. Mama Asifiwe amekaa ku mulango na kabinti ku mugongo. Mimi nimevaa kikwembe ya mupya, nimekaa mbele upande ya banamuke, shingo juu, kama masera. Muzee wa kanisa akaita jina ya mukwe wangu (jina yenye mimi siwezi kusema mupaka leo), batu bakageuka.

Akasimama. Bauma alimuwekea kitunga ku kichwa, na niliona Bauma anatoka jasho kama mwenye kupika. Muzee akaachilia bega yake. Hatua ya kwanza. Ya pili. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu nianze, niliona miguu yake yote mbili pamoja, juu suruali ilikuwa fupi: moja kama ya muntu, ingine kama ya kuku. Na ile ya kuku haikuwa muguu yenye nilikuwa nakanda. Nilijua pale-pale, mbele ya hatua ya tatu.

Hatua ya tatu haikukuja. Goti ilikunjika. Banaume bote bamekaa bamekodoa macho, na mimi sikufikiri bukwe, sikufikiri kanisa, masera alitufundishaka kama mugonjwa anaanguka unakimbia, unaingiza mikono chini ya makwapa, kifua yako ku kifua yake. Nilikimbia. Nilimushika. Lakini muzee alikuwa muzito, na kitunga ilitutangulia, nikakanyaga maharagi, na tukaenda chini bote mbili, mimi mugongo ku udongo, yeye juu yangu, pua yake karibu ku pua yangu. Wimbo ilikatika. Nikasikia Odeta analia «Yuu!» moja tu.

Na muzee, mwenye hakunisemeshaka hata neno moja tangu nimeolewa, akaniangalia, akasema pole-pole:

«Feza, ule muguu ilikuwa ya Bauma.»

Akaendelea, pale-pale juu yangu: «Nilipata haya. Nilisema nitakuambia kesho, kila siku nasema kesho, na weye ulikuwa unafurahi.»

Na Bauma, kule nyuma, kwa ile sauti ya ndizi ya moto, akasimama akasema: «Lakini, Mama Feza, goti yangu kweli ilipona.»

Kanisa ilivunjika. Batu balicheka mupaka bengine bakatoka nje kulia, na muzee mwenyewe akaanza kucheka, nasikia tumbo yake inaruka ku tumbo yangu, na mimi chini nafunga macho naomba udongo ipasuke. Banaume bakakuja kumunyanyua. Mimi niliokota maharagi mupaka ya mwisho, juu sikutaka kunyanyua kichwa.

Nilienda nyumbani, nikatoa mianzi ya kwanza ku udongo, nikashika ya pili. Jembe ilikuwa inaningoja ku ukuta. Nikasikia muntu nyuma. Mama Asifiwe. Amefungua kabinti ku mugongo, amekatoa nguo yote, miguu mbili ile imepinda iko ku jua.

«Nilisema nitangoja nione,» akasema. «Nimeona. Banaume bote balikaa, weye ulikimbia. Rudisha ile muanzi.»

Nikarudisha. Mikono yangu ilikuwa na udongo na ganda za maharagi, nilinawa, nikaanza na kale katoto pale-pale, pole-pole, muguu haiko mulango.

Bazee balikaa, bakachinja kuku mweupe ya kuondoa mwiko juu ya ile kuanguka, balisema maneno yao. Na mukwe wangu akawaambia, «Haya yetu na huyu binti ilimwagika na maharagi, hakuna yenye ilibakia ya kuficha.» Kesho yake alikuja peke yake, na fimbo, hakukuwa kikwembe, hakukuwa Bauma (Bauma alikuja juma ingine, anasema sasa ni ya kushoto). Akakaa, akatoa miguu mbili. Nililia nikiona ile muguu, ilivyokuwa nyembamba, na mimi nilikuwa nimeitangaza ku mutoni. Kutoka ile mavuno mupaka ingine tulitumika. Siku ya mavuno ya pili aliingia ku kanisa anachechemea, kitunga ku kichwa, na Bauma nyuma yake anatembea vizuri kuliko bote. Kale kabinti kalitembea pia, kalichelewa lakini kalitembea, na leo ni bibi, ana bajukuu.

Niliapaka ile siku: sitashika tena muguu yenye sijaona mwenzake. Hata leo mutoto akija na kidole imegonga jiwe, namuambia toa na ingine. Masera alisharudi kwao zamani, mukwe amelala ku kilima, mianzi imeoza. Sasa ni miguu yangu njo inakataa asubui, na bibi ya mutoto wangu anakuja na mafuta, muzuri sana, ana heshima, ananifunika na kikwembe anaangalia ukuta. Namuambia: mama, toa ile kikwembe, angalia, miguu mbili. Kama hapana, utakanda ya jirani.