Linux Iliyopiga Kambi

Bisha ukitaka, lakini Tabora nzima hakuna anayenishinda kufufua laptop, na shule niliiacha kidato cha pili. Juzi mama mmoja wa Urambo aliiweka yake kuukuu kwenye kaunta yangu kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelala. Iligoma kuwaka.

"Shikamoo, mama. Tufute kila kitu, tuanze upya?"

"Marahaba. Ukifuta, mwanangu, umemzika baba yao mara ya pili. Nyimbo zake za kwaya zimo humo tu."

Nikatafuta Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, inayowaka kutoka kwenye CD bila kugusa kilichomo ndani. Nikaanza kupakua ile nzito yenye sura nzuri, nipate kumringia.

"Urembo wa nini?" akaniuliza. "Mimi nataka sauti."

Nikaikatisha, nikapakua nyepesi, inayoiweza laptop ya zamani. "Hii inapiga kambi tu, mama. Ikiondoka, nyumba iko vilevile."

Ikawaka, na mumewe akaimba. Mafundi tunapenda sana kufuta, maana kinachofutwa si chetu.

Nimeacha jambo moja. Wimbo ulipoanza nilitoka nje, simu sikioni, na hakuna aliyekuwa amenipigia.