Mgongo Wangu Uko Kwenye Masomo ya Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Niliishia kidato cha nne. Naishi Ayivu, nje kidogo ya Arua, nalima mihogo. Mume wangu ni mtu wa Koboko, anasomea udaktari bingwa wa ngozi huko Kampala.

Kwa wasioijua, njia hiyo ni ndefu jamani. Miaka mitano ya digrii, mwaka mmoja wa mazoezi wodini, kisha kazi, halafu miaka mitatu mingine ya ngozi peke yake. Yote nimesubiri na jembe mkononi. Amebakiza mwaka mmoja.

Kunipiga alianza ule mwaka wa wodini. Mwanzo kofi, baadaye mateke, mwaka jana akanivunja kidole kwa mlango. Hospitali haniruhusu, ananitibu mwenyewe. Na mkono wake ni mwororo, sitasema uongo. Anasafisha, anapaka dawa, anapuliza kama anampuliza mtoto. Wagonjwa wanampenda, hata wenye vidonda vya kunuka anawashika bila kukunja uso.

Likizo iliyopita nilichelewa kutoka shamba, akakuta chai haijachemka. Alichukua waya wa kompyuta yake, akaukunja mara mbili, akanichapa palepale jikoni. Nililala juu ya mtoto ili asimfikie. Alichapa mpaka gauni likagandana na damu. Alipochoka akatoa simu, akapiga picha. "Geuka kidogo, mama watoto. Nataka kuona itakavyopona."

Wiki tatu baadaye walimu wao walileta wanafunzi Arua kutibu watu ngozi. Kila mwanafunzi alibandika ukutani karatasi kubwa yenye picha za mgonjwa wake. Nilimpelekea chakula, mtoto mgongoni, nikaukuta mgongo wangu ukutani. Niliujua kwa kovu la uji wa moto nililopata utotoni. Chini ameandika: mwanamke wa Koboko, ameunguzwa na dawa ya kienyeji.

Mwalimu wao, mama mtu mzima, akamwuliza, "Daktari, ni dawa gani hiyo inachora mistari miwili miwili?"

Akacheka. "Madam, hawa mama zetu wa kijijini wanajipaka chochote!"

Wanafunzi wenzake wakacheka. Sahani ikaniponyoka. Mwalimu akanitazama, akatazama karatasi, akanifuata hadi bombani. "Hiyo ni waya. Ni wewe?" Nikafungua bomba, nikanawa mikono. Akaniandikia namba yake. "Bila mdomo wako mimi niko na picha tu. Ukisema, hamalizi masomo."

Nilimwambia mama mkwe. Akashika kichwa. "Mwanangu, iko mwaka moja tu! Wewe unataka kuangusha mutu iko karibu kufika? Mgongo inapona."

Kweli umepona. Ndiyo shida yenyewe. Juzi mume wangu alipiga simu, anasema walimu wanataka picha nyingine za mgonjwa yule yule, vidonda vikiwa bado vinapona, kabla ya mtihani. Nikamwambia mistari imefifia, karibu haionekani. Akacheka polepole.

"Imepona haraka mno, mama watoto. Sasa tutafanyaje?"

Anafika Jumamosi.

Bado nampenda, sifichi. Na najua watu wetu wenye ngozi mbaya, kumpata daktari wa namna hiyo huku ni bahati. Nikipiga ile namba, miaka yake yote inaanguka, na yangu pia, na kwao watasema mimi ndiye niliyewaulia mtoto wao. Lakini msiniambie nivumilie. Hilo nimeshaambiwa na watu wenye migongo mizima. Niambieni jambo ambalo mama mwenye mtoto kifuani anaweza kulifanya kabla ya Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nifanye nini?