Skrubu nne za Papa Floribert: fundi Émerance kati ya maji na upepo

Saa mbili kasorobo asubuhi, na umeme bado upo. Kwenye karakana yake ndogo ya Kamalondo, jijini Lubumbashi, Émerance Ngalula anamwekea mteja wake skrubu nne kiganjani, moja baada ya nyingine.

"Shika, Papa Floribert. Usiache hata moja ianguke."

Ndiyo desturi yake tangu aanze ufundi wa kompyuta miaka kumi na tisa iliyopita. Mashine haifunguliwi mwenyewe asipokuwepo, na skrubu hukaa mkononi mwake mpaka kazi iishe. Mwenye skrubu mkononi haondoki kwenda kununua soda. Anabaki, anatazama, anaulizwa maswali.

"Bantu banasema naogopa kusemwa mwizi wa vipuri," anasema Émerance, mwenye umri wa miaka 44. "Kidogo ni kweli. Lakini mwenye machine anajuaka vitu mine sijue." Kwa Kiswahili cha Kongo, "mine" ni mimi, na "njo" ni ndiye.

Desturi hiyo ameivunja mara moja tu, na mashine yenyewe ndiyo hii iliyolala mezani leo.

Floribert Muhindo alikuwa mpiga video za harusi mjini Goma. Vita vilipoingia mjini mwanzoni mwa 2025, aliacha kila kitu isipokuwa watoto, mke wake Madeleine na kompyuta aliyoiviringisha kwenye blanketi. Njiani familia ilipotezana. Yeye alivuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, akapanda lori la mizigo, akafika Lubumbashi akiwa na kompyuta peke yake.

Ndani ya diski yake mna harusi mia moja na arobaini. Wenyewe wametawanyika, na wengi albamu zao zimeporwa au zimeungua.

"Bananipigia simu kutoka Kampala, Bujumbura, Kinshasa," anasema Floribert. "Mama moja aliomba tu ile fasi ya video bwana yake anacheka. Bwana alikufia mu njia. Picha ingine hana."

Kompyuta hiyo ilipozwa kwa maji. Kisahani cha metali kinakaa juu ya prosesa, maji yanachukua joto, pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Kwa mtu anayehariri video mchana kutwa ni raha tupu: haipigi kelele na joto halipandi ovyo. Lakini barabara ilikipasua kile kisahani.

Mwezi wa tano Floribert alipata habari kwamba Madeleine na watoto wako Kalemie. Akaacha mashine kwa fundi, akakimbia kuwafuata. Émerance, kwa huruma, akataka arudi aikute inawaka. Akaifungua peke yake.

Akaenda kwa jirani yake Bwalya, mfua shaba, akaagiza kisahani kipya. Shaba safi, imeng'arishwa mpaka unajiona uso. Nani wa Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba, ataidharau shaba? Akajaza maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, akawasha, ikawaka. Floribert aliporudi na familia yake, alimkumbatia fundi mbele ya mtaa mzima.

Miezi mitatu baadaye rejeta ilitoboka. Ilikuwa ya alumini, imepakwa rangi nyeusi. Shaba na alumini zikikaa kwenye maji yaleyale, alumini huliwa kidogo kidogo. Maji yalidondoka yakaiua kadi ya picha, yakairukia diski.

"Nilijua ni alumini, mine njo niliinunua," anasema Floribert taratibu. "Hakuna mwenye aliniuliza."

"Njo mine niliua machine yake," anasema Émerance, na hatafuti maneno ya kujitetea. "Huruma, na kiburi ya shaba. Wiki nzima sikulala vizuri."

Kadi nyingine ameinunua mwenyewe, akalipa dola tisini, na wiki nzuri humletea sitini. Safari hii ameweka upepo: mnara wa mapezi, vibati vyembamba vya kutawanya joto, na feni mbili kubwa. Je, upepo ni bora? Anacheka. Kiangazi hiki vumbi jekundu huziba mapezi ya mashine za upepo kila wiki mbili, feni zinavuma, na alipoijaribu hii bila diski joto lilifika nyuzi sabini na moja pale maji yalipoishia sitini na mbili.

"Lakini feni ikigonjwa inapiga kelele, unasikia," anasema. "Maji yanakugeuka kimya. Na hapa courant ya umeme inakatika kila siku, pampu haipendi."

Diski ameisafisha na kuianika juani siku nne. Haijawashwa tangu siku ya maji. Hakutaka kuijaribu bila mwenyewe. Kosa moja linatosha, jamani.

Émerance anabonyeza swichi. Feni zinavuma. Skrini inabaki nyeusi. Floribert amefumba kiganja mpaka vidole vimepauka. Diski inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena, kisha orodha ya majina inashuka, harusi baada ya harusi.

Fundi anafungua ile ya mama aliyepiga simu. Bwana yule, mwenye suti ya kijivu, anacheka mpaka kofia inamwanguka. Émerance anajiinamia, anajifuta macho kwa kitenge, bila aibu.

"Zote zinanakiliwa leo leo, mara mbili," anasema. "Kabla courant haijakwenda."

Amani ikirudi, Floribert anataka kurudi Goma na mashine yake. Hapo fundi anatikisa kichwa. Mnara una uzito wa karibu kilo moja na nusu, na barabara ile itaung'oa pamoja na bodi. Lazima ufunguliwe kabla ya safari na ufungwe tena baada ya kufika.

"Na kule mine sitakuwako," anasema.

Ndiyo mpango wake sasa: kila aliyekimbia vita na mashine yake ajifunze kuifungua na kuifunga kabla hajaondoka Lubumbashi. Wako kumi na saba. Anaanza na huyu.

Nakala mbili zikiisha, anazima kompyuta, anachukua bisibisi, anamkabidhi Floribert. Kisha anakifumbua kiganja cha mteja wake, anazichukua zile skrubu nne, na kuzifumbata mkononi mwake.

"Haya, Papa. Leo mine njo nashika."