Bima Waliponihesabia Macho Kumi na Mawili

Jumatano asubuhi nilikuwa nachambua maharage, simu ikaita.

"Mama, napiga kutoka ofisi ya bima ya afya. Samahani, nina swali moja. Una macho mangapi?"

Nina miaka sabini na moja. Nimeshaulizwa nina watoto wangapi, nina meno mangapi, hata nilichumbiwa na wanaume wangapi. Macho, hapana.

"Mawili," nikamjibu. "Kwani huko kwenu mna mangapi?"

"Mama, sitanii. Hapa kwenye kompyuta umeomba upasuaji wa macho kumi na mawili."

Simu yangu huwa naiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu ambaye naishi naye, akasikia kila kitu.

"Kumi na mawili! Hayo mengine umeyaficha wapi, wifi?"

Afisa hakucheka. Akasema akaunti yangu imefungwa, nashukiwa kwa udanganyifu, nifike ofisini kesho yake kabla ya saa sita mchana.

Akakata.

Maharage yakanimwagikia miguuni. Ngoja niwaambie kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani. Jicho langu la kulia limeingiwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe, na la kushoto limeanza kumuiga mwenzake. Mwezi uliopita nilimshonea mwalimu mkuu suruali, nikaziunganisha njia mbili za miguu zikawa moja. Alipoijaribu, alitoka chumbani akiruka kama chura.

Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nikabaki na kazi ya vitambaa vya meza tu, maana meza hailalamiki.

Daktari alinipa nafasi ya upasuaji Ijumaa. Akanionya: "Kibali cha bima kinifikie kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Ukikosa, tuonane baada ya miezi minane."

Miezi minane! Si ningeuza cherehani nikaanza kuimba barabarani?

Sasa macho kumi ya ziada yalitoka wapi?

Siku hizi kibali hakiombwi kwa karatasi. Kinaombwa kwenye tovuti yao. Jumanne, mkamwana wangu alinijazia kila kitu kwenye laptopu yake: jina, namba ya kadi, barua ya daktari. Alipofika mwisho, akapigiwa simu kazini. Yeye ni nesi, akiitwa haulizi mara mbili.

"Mama, kimebaki kitufe kimoja tu, hiki cha kijani. Kimeandikwa Tuma. Bonyeza, halafu subiri wakujibu."

Akatoka mbio na kiatu kimoja mkononi.

Nikabonyeza.

Kimya.

Mimi nimelelewa. Ukifika kwa mtu unapiga hodi mara tatu, na sikuona kwa nini bima wawe tofauti. Nikabonyeza ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya.

"Labda wako uani," wifi akasema. "Na wewe unabonyeza kama mtu anayeomba chumvi. Hebu sogea."

Akapiga hodi zake tatu. Kwa kidole gumba.

Hakuna aliyesema karibu.

Tukaenda kunywa chai ili tuwape nafasi, pengine walikuwa wametoka. Tukarudi. Mimi tatu, yeye tatu. Wifi akasogeza mdomo mpaka kwenye kioo, akaita, "Hodi wenyewe!"

Wapi!

"Hawapo hawa," akasema, akaifunika kompyuta.

Hesabu mwenyewe.

Basi, baada ya ile simu ya Jumatano, tukamtafuta mkamwana. Yuko zamu, simu imezimwa. Wifi akasema twende kwa Dada wa Fotokopi, yule mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta. Akaifunga laptopu mgongoni kwa mbeleko.

"Isije ikadondoka," akasema.

Njiani mama mmoja akatupongeza. "Hongereni! Ni wa nani?"

"Wa huyu," wifi akanionyesha mimi. "Kamfuata baba yake, bapa hivyo hivyo."

Dada wa Fotokopi akaiwasha, akaitazama, akaguna.

"Bibi, hiki kivinjari hakijasasishwa miaka miwili."

"Kivinjari ni mdudu gani?"

"Ni programu ya kufungulia tovuti. Ndiyo inayokupeleka kule bima na kukuletea majibu yao. Sasa, bima wakijibu, jibu linakuja kwenye kidirisha kipya kinachofunguka chenyewe. Hiki chenu kinazuia vidirisha kama hivyo, kwa sababu ya matangazo."

"Kwa hiyo walijibu?"

"Kila mlipobonyeza. Nyie mnapiga hodi, wao wanasema karibu, na mlinzi wenu wenyewe amewaziba masikio."

Akanishika kichwa, akanisogeza karibu na kioo. Juu kabisa, pembeni ya pale panapoandikwa anwani ya tovuti, kulikuwa na kialama kidogo chenye nukta nyekundu. Ni kidogo kama tundu la sindano.

"Hapo ndipo kinapokwambia kimezuia kitu. Ukibonyeza, unakiruhusu."

Akabonyeza.

Weee! Vidirisha vikafumuka kama bisi. *Ombi lako limepokelewa. Ombi lako limepokelewa.* Kumi na viwili, kila kimoja na jicho lake.

Yule binti alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akakisasisha kivinjari, akafuta kumbukumbu za kurasa za zamani, akakifunga na kukifungua upya. Kikachangamka kama kimekula. Lakini tulipoingia kwenye akaunti yangu, maandishi mekundu: *Imefungwa kwa uchunguzi.*

"Kompyuta imepona, bibi," akasema. "Wewe ndiye bado mgonjwa. Nendeni ofisini."

Alhamisi tukaamkia huko. Foleni haikuwa ya kawaida, watu wamenuna kama wanasubiri hukumu. Tulifika mezani saa tano. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani minene.

"Ninyi ndio wa macho kumi na mawili?"

"Ni huyu," wifi akanisukuma mbele. "Mimi nina mawili tu, tena siyatumii sana. Wewe ndiye naona una manne."

Nikamkanyaga. Nikaeleza yote, kuanzia kitufe mpaka kidirisha. Kijana wa watu akalainika.

"Sawa, mama. Nimeelewa. Nitafuta maombi kumi na moja, moja nikuachie. Hii hapa ni orodha ya wote waliofungiwa, wewe uko juu kabisa. Nikifuta la kwanza, la chini yake linapanda. Ni dakika moja."

Akabonyeza Futa.

Hakuna kilichosogea.

"Mtandao uko chini," akasema. Akabonyeza tena. Na tena.

Wifi akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mimi nikainama na jicho langu la kushoto. Juu kule, pembeni ya anwani, nikakiona. Kialama chenye nukta nyekundu.

"Mwanangu, acha kwanza. Bonyeza pale juu."

"Mama, mimi nina shahada ya kompyuta."

"Kwani shahada inakataza kutazama juu?"

Hakunisikia. Aligonga kile kipanya mpaka kiti kikalia. Wifi vidole vikamwisha, akaazima vyangu.

"Kumi na nne," akatangaza.

Ndipo kijana akafuta jasho, akapeleka mshale kule juu, akabonyeza kama mtu anayetoa rushwa.

Vidirisha vikamwagika. *Ombi limefutwa. Ombi limefutwa. Ombi limefutwa.*

Jicho langu la kweli nalo lilikuwa limekwenda na maji.

"Subiri," wifi akasema taratibu. "Wifi yangu alikuwa na macho kumi na mawili. Umefuta kumi na nne. Mawili ni ya nani?"

Kijana akasoma. Rangi ikamtoka.

"Siyo macho," akanong'ona. "Ni meno. Meno ya mbele, maombi mawili, mtu mmoja."

"Mtu gani?"

Alitazama mlango ulioandikwa Meneja.

Nao ukafunguka. Akatoka mzee mzima wa suti, mkono mmoja una simu, mwingine umeshikilia leso mdomoni.

"Nani amefuta meno yangu?" akauliza kwenye leso. "Nimeletewa ujumbe mara mbili!"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Nikaona nikiendelea na adabu, nitaivuka Ijumaa na ukungu wangu.

"Mwanangu, pole na meno," nikasema. "Nikuulize. Na wewe ulibonyeza mara ngapi?"

Leso ikatulia.

"Mara mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Halikujibu."

Nikaigeukia foleni. "Jamani, halikumjibu!"

Foleni ikalipuka. Baba mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mimi sita! Mguu wangu mmoja mmeufanya sita!" Mama mwenye mtoto akadakia, "Mimi tisa, nikaitwa mwizi!" Kumbe karibu foleni nzima ilikuwa imefungiwa kwa kosa la kupiga hodi.

Meneja akamtazama afisa. Afisa akaitazama meza.

"Wafungulie wote," meneja akasema. "Anza na mama huyu. Mpe kibali sasa hivi."

"Cha jicho lipi, bosi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. "Yote mawili. Isome barua ya daktari mpaka chini, la kushoto nalo limetajwa. Jana mlinipa kumi na mawili, leo mtashindwaje mawili?"

"Mpe mawili," meneja akasema, akarudi ndani kabla sijaongeza neno.

Kijana akajaza. Akabonyeza Tuma mara moja tu, akaficha mikono chini ya meza. Kidirisha kikafunguka: *Kibali kimetumwa kwa daktari.* Saa tano na dakika hamsini na mbili.

Ijumaa nikapasuliwa la kulia. La kushoto ni mwezi ujao.

Jumamosi bandeji ikatolewa. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yangu, kainama juu yangu. Nilikuwa sijaona uso wake sawasawa kwa miaka miwili. Nikaona kila mkunjo. Nikaona pia macho yamemvimba, mekundu. Alikuwa amelia usiku kucha, huyu anayejifanya hajali kitu.

"Wifi," nikamwambia, "kumbe tumezeeka hivi?"

"Tumezeeka na nani?" akasema, akifuta pua. "Sema umezeeka."

Basi, ninyi mnaosoma hapa, nawaachia hili. Tovuti ikikunyamazia, usiigonge kwa hasira. Itazame kule juu pembeni, pengine jibu limezuiwa mlangoni. Kisasishe kivinjari chako. Ukishindwa, muulize anayejua, na usione haya. Mimi niliishia shule ya msingi, yule kijana ana shahada, meneja ana suti. Mbele ya kitufe kisichojibu, wote watatu tulikuwa watoto wadogo.