Matairi ya Mama na Tope la Mbugani

Matairi mapya yana harufu inayohamia ndani ya nyumba na kukataa kutoka. Masika ile nilipokuwa darasa la nne, matairi mawili ya baiskeli yalining'inizwa kwenye boriti, juu ya kitanda nilicholala na mdogo wangu Enosi, na kwa siku kadhaa hata uji wa asubuhi ulikuwa na ladha ya mpira. Nje mvua ilinyesha bila haraka. Moshi wa kuni mbichi ulijaa jikoni, na mizinga ya baba iliyokuwa ikisubiri kupelekwa porini ilikuwa imeegemezwa ukutani, ikinuka nta. Lakini harufu ya yale matairi ilizishinda zote. Nililala chali nikiyatazama meno yake, manene kama vidole gumba vya baba, nikijua kwamba kijiji kizima kilikuwa kinasubiri kuona kama mama yangu angeweza au asingeweza.

Kijiji chetu kiko upande wa Ugalla, mahali ambapo miaka ile ya tisini mtu akisema anakwenda mjini Mpanda, majirani walikuja kumuaga. Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Hakuwa nesi. Alikuwa mkulima kama wanawake wengine, ila alikuwa amepelekwa mafunzo ya wiki chache, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wazazi kliniki na kumsaidia Nesi Skola pale zahanati. Mwaka uliotangulia, surua ilipita kwetu. Iliwachukua watoto kadhaa, akiwemo Pili, binti wa jirani yetu, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunacheza rede kila jioni nyuma ya ghala la mahindi. Mama ndiye aliyemsaidia mama yake Pili kumwogesha kwa mara ya mwisho. Aliporudi nyumbani alimchukua Enosi, wakati huo akiwa bado mchanga, akakaa naye mlangoni mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo neno chanjo halikukauka mdomoni mwake.

Tatizo lilikuwa barafu. Friji ya mafuta ya taa ya zahanati yetu ilikuwa imekufa, na chanjo ya surua haitaki joto. Ilibidi itoke kwenye friji ya kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya msitu, ndani ya kisanduku kilichojazwa barafu, na ifike kwetu kabla barafu haijayeyuka. Kiangazi gari lilikuwa linaileta. Masika barabara ya upande huo ilikatika, na gari halikuonekana mpaka mvua ziishe. Ilibaki njia ya mkato ya msituni, ambayo kwa miguu ilikula siku nzima. Kwa hiyo wahudumu wa afya walipopewa baiskeli za gia, zile ambazo watu walisema ni za kupandia milima, mama aliona Mungu amemjibu. Ya mama ilikuwa nyekundu, imara, na watoto tulishindana kuibonyeza breki. Kasoro yake tuliiona baadaye. Ilikuja na matairi membamba, laini kama mgongo wa nyoka, matairi ya kukimbilia kwenye lami. Lami yenyewe sisi tulikuwa tunaisikia tu kwa madereva wa malori.

Safari ya kwanza ilikwenda vibaya. Wanawake walikusanyika zahanati tangu asubuhi na watoto mgongoni. Mchana ukapita, jua likaanza kushuka, ndipo mama akatokea akiisukuma baiskeli, tope limempanda mpaka kiunoni, kiwiko kinatoka damu. Kwenye mchanga tairi la mbele lilikuwa limezama kama kisu kwenye ugali, akaanguka. Kwenye mbuga, ule uwanda wa udongo mweusi unaojaa maji kila masika, tairi la nyuma liliteleza likizunguka pale pale, na mwisho akaibeba baiskeli begani. Nesi Skola alifungua kisanduku, akaingiza mkono, akautoa ukiwa unachuruzika maji ya vuguvugu. Alimtazama mama tu, kisha akatoka nje kuwaambia wazazi warudi nyumbani. Wengine walisema wazi kwamba hawatakuja tena kushinda na njaa bure. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye tangu mwanzo hakupenda baiskeli ile ikae kwa mwanamke, alimwambia mama mbele ya watu: "Mama Kalunde, umejaribu, tumeona. Safari nyingine ikishindikana, baiskeli apewe kijana mwenye nguvu."

Nyumbani baba alimkanda kiwiko kwa maji ya chumvi. Nilidhani mama angelia. Badala yake alikuwa anaongea na baba kuhusu tope, kama watu wanavyoongea juu ya ng'ombe mkorofi.

"Nguvu ninazo," alisema. "Nimeibeba ile baiskeli begani mbuga nzima. Ni matairi yale. Hayana pa kushikia."

"Basi tutafute yenye meno," baba akasema.

"Yenye meno gani? Baiskeli ya Maganga hapo jirani ina meno mbele na nyuma, na juzi tope lilijaa katikati ya meno mpaka gurudumu likagoma kuzunguka."

Baba alilivuta karibu dumu lake la asali. "Beba hii, ukatafute Mpanda," alisema.

Asubuhi mama alichukua jembe na mfuko wa rambo, akanishika mkono, tukaenda mbugani. Alichimba bonge la udongo ule mweusi, akalifunga vizuri ili lisikauke, na tulipopanda lori la mbao kwenda Mpanda, upande ambao barabara ilikuwa bado inapitika, tope lile lilikuwa mapajani mwangu na dumu la asali ya baba likiwa miguuni. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Abiria mmoja aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia ni udongo wa nyumbani, akanitazama kwa huruma, kana kwamba ninakwenda kuzika.

Matairi ya baiskeli za kawaida yalikuwa yamejaa sokoni, lakini rimu za baiskeli ya mama zilikuwa ndogo, kwa hiyo tulizunguka mpaka tukamkuta kijana mmoja aliyeuza vipuri vya mitumba. Alikuwa na rundo la matairi ya saizi yetu. Alimwamkia mama vizuri, "Shikamoo mama," kisha akavuta tairi laini linalong'aa, akasema hilo ndilo linalotoka sana. Mama akamjibu kwamba lile analo tayari, na limemwangusha. Akafungua mfuko wa rambo, akamwaga tope chini, mbele ya duka, akaomba maji kidogo, akalikanda kama unga wa chapati.

"Mama, unafanya nini?" kijana akauliza.

"Nakuonyesha njia ninayopita. Niletee moja moja."

Kijana alicheka, lakini alileta. Mama alilikandamiza kila tairi kwenye tope kwa magoti yake yote mawili, akalinyanyua, akalitikisa. Lenye meno madogo yaliyobanana lilitoka likiwa limefunikwa lote, huoni hata jino moja. Lenye mistari tu liliteleza kama sabuni. Watu walianza kusimama. Mwendesha mkokoteni mmoja akasema jaribu lile pana la pembeni, mwingine akasema hapana, lile la juu. Kijana wa duka naye akasahau kucheka, akapiga magoti, akawa anakandamiza upande wake. Mwishoni likaja tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, vidole viwili vinapita katikati. Mama alilinyanyua, akalitikisa mara moja, na tope lote likaanguka chini bwata. Lilibaki karibu safi. Mama akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kisanduku, nikaona meno yake.

"Hili la mbele," alisema. Kwa nyuma alichagua pana zaidi, lenye meno yaliyoachana vile vile lakini mafupi, ili lisimchoshe kwenye ardhi ngumu na lisizame kwenye mchanga. Kijana alikubali kuchukua asali, akaongeza na viraka na gundi, akamwambia mama apunguze upepo kidogo akifika kwenye mchanga. Mama akamshukuru sana kwa hilo, maana hakuwa amelifikiria.

Matairi yalipopungua kunuka ndani ya nyumba, baba aliyafunga kwenye baiskeli. Aliling'oa lile bati linalokinga matope juu ya gurudumu ili tope lipate pa kutokea, na ndani ya kila tairi akatandika utepe aliokata kwenye tairi kuukuu, miiba ya migunga isifike kwenye mpira wa ndani. Mama alifanya mazoezi kila alasiri mtoni, akianguka na kuinuka, watoto tukimkimbilia nyuma. Siku ya chanjo ilipotangazwa tena, alipita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe. Mama yake Pili, ambaye hakuwa na mtoto wa kuchanjwa, ndiye aliyetangulia naye, akigonga milango. Walipofika kwa wale waliosema hawatakuja, yeye ndiye aliyeongea, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Mama alitangulia siku moja kabla, akalala kituo cha afya ili aanze safari kukipambazuka. Mimi na baba tulikwenda kumsubiri ukingoni mwa mbuga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na uwanda wote ulikuwa unang'aa maji. Baba alikuwa amekuja na kamba, nadhani kwa ajili ya kumvuta. Jua lilikuwa bado halijapanda sana tulipoona kitu chekundu kikitoka kwenye miti ng'ambo. Mama aliingia mbugani bila kushuka. Tuliliona tairi la mbele likiuma tope na kulitupa pembeni, likiuma na kulitupa, na madonge meusi yakiruka juu ya mabega yake. Katikati aliyumba. Nilimshika baba mkono. Mama akaweka mguu mmoja chini, akasukuma, akarudi kwenye pedeli. Kanga yake ya kichwani ilikuwa imeanguka shingoni na alikuwa anahema kama mtu anayetwanga, lakini kila mzunguko wa gurudumu ulimleta karibu. Alipotufikia baba alinyoosha mkono kumsaidia.

"Nitasimamaje, Baba Kalunde? Barafu hii itayeyuka," akasema, na akapita.

Tulikimbia nyuma yake mpaka zahanati. Wanawake walianza vigelegele walipomwona njia panda, na mwenyekiti akasogeza watu ili apite. Nesi Skola akafungua kisanduku, akaingiza mkono. Akatoa kipande cha barafu, akakigonga mezani, kikalia ko, ko, kama jiwe. "Bado ngumu," alisema. Nje kelele zililipuka mpaka watoto wakaogopa. Enosi alikuwa wa kwanza kuchomwa. Alilia sana, na mama, tope likiwa limemkaukia usoni, alicheka akiwa amempakata. Mwenyekiti alikuja akamshika mkono. "Baiskeli iko mahali pake," alisema. Masika yote ile hakuna gari la chanjo lililofika, na hakuna mtoto wetu aliyekosa chanjo. Surua ilirudi vijiji vya jirani, ila kwetu haikupata mtu.

Siku hizi ninafundisha shule ya msingi hapa Mpanda. Lami ninaikanyaga kila siku. Zahanati ya kijijini kwetu ina friji ya sola, na bodaboda wanapita njia ile ya mkato wakiwa wameweka muziki. Mwaka jana nilikwenda likizo, nikampeleka binti yangu wa mwisho kuchanjwa pale pale. Tulikaa kwenye benchi muda mfupi, nesi kijana akafungua friji akiwa anaongea na mwenzake mambo ya harusi, akamchoma mtoto, akaita anayefuata. Hakuna aliyegeuka kutazama. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia kidogo, nikamsimulia mama, ambaye sasa magoti hayamruhusu kupanda baiskeli. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama alivyotabasamu sokoni.

"Sasa ulitaka wapige vigelegele?" akaniuliza. "Mimi nilikuwa naendesha ili siku moja iwe hivyo."