Nguo za Kumtoa Imrani

Kaimu wa Malolo hakuwa mwoga. Aliwahi kumtimua nguruwe pori kwenye muhogo wake akiwa na mpini wa jembe tu, na kwenye mikutano ya wakulima wa korosho ndiye aliyenyanyuka kuuliza maswali ambayo wenzake waliyamung'unya mdomoni. Lakini mpeleke mbele ya kibanda cha nguo, uone. Jasho linamtoka, macho yanatafuta pa kukimbilia, na kabla muuzaji hajamaliza kusema karibu, mwenzako keshanyakua shati la juu kabisa kwenye fungu, kalipa, kaondoka. Ndiyo maana alionekana shambani na shati la timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa nchi asiyoijua, limembana kwapani, naye wala hana habari.

Chuki hiyo ilikuwa na mzizi wake, na wazee wa Malolo waliujua. Alipokuwa mtoto, siku ya kutolewa jando, mjomba wake alimnunulia nguo kwa kukisia. Suruali ilikuwa ya mtu mzima, ikafungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Mikono ya shati ilimeza vidole vyote. Wenzake walitunzwa noti na vitenge, yeye alichekwa. Mpiga ngoma mmoja mwenye utani mbaya akamtungia wimbo papo hapo, na wimbo ule ukatembea na ngoma kijiji hadi kijiji mpaka ukafika Ruangwa mjini. Sasa Kaimu ana mvi kidevuni, lakini akiona nguo zimetundikwa, bado anausikia.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Imrani, mtoto wa dada yake Sikuzani. Siku hizi tohara yenyewe inafanyika zahanati, halafu watoto wanakaa kambini nje ya kijiji wakifundishwa mambo ya kiume. Wanaitwa wali, mmoja wao mwali, na mwanamke haruhusiwi kusogea, hata awe mama mzazi. Kwa ukoo wao, baba ndiye anayepeleka chakula kambini. Nguo za kumtolea mwali ni mzigo wa mjomba, na mzigo huo hausukumiwi mtu.

"Kaka," Sikuzani alimwambia, "mimi sina maneno mengi. Mwanangu asije akatoka kama ulivyotoka wewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini usiku huo Kaimu aliuacha ugali wake sahanini.

Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja wa kijijini, ambaye naye alikuwa hapendi madukani. "Nenda Nachingwea, kamuulize Fauzia," alimwambia. "Yule anachagulia watu nguo. Unamweleza shida yako, anazunguka yeye, wewe unaletewa." Kaimu aliona kama ametangaziwa msamaha. Hakujua kumbe duniani kuna kazi kama hiyo. Asubuhi yake alipanda bodaboda mpaka Nachingwea, na safari nzima alikuwa akipiga mluzi.

Alimkuta Fauzia sokoni, mwanamke mchangamfu, ushungi umekaa vizuri, macho hayatulii. Wateja wake walikuwa manesi wasio na muda, mabwana harusi waliochanganyikiwa, na wanaume wa aina ya Kaimu, ambao aliwafahamu kwa kuwatazama mara moja tu.

"Shikamoo kaka. Huyo mtoto ana mwili gani?"

"Wa kawaida," Kaimu alijibu.

"Hakuna mwili wa kawaida, kaka yangu. Chukua hii futi ya fundi cherehani. Mpime kifua, bega, mguu, halafu nipigie simu. Mengine niachie."

Rahisi kabisa. Kaimu akarudi, akaenda moja kwa moja kambini, akaitoa futi mfukoni. Babu Jumaa, mlezi wa kambi, aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kumpima Imrani, babu. Nguo zake."

"Humu hapimwi mtu," Babu Jumaa alisema. "Anayepimwa nguo akiwa ndani ni maiti anayengoja sanda. Irudishe mfukoni, na usiitoe tena mpaka wali wametoka."

Kubishana na Babu Jumaa ni kupoteza mate. Kaimu alisogea pembeni, kwenye mikorosho, akampigia simu Fauzia na kumweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Kukumbatia amekataza?"

"Hajakataza."

"Basi kamkumbatie."

"Mimi?"

"Kwani mjomba wake nani? Mkumbatie vizuri, mikono izunguke mpaka ikutane mgongoni. Shika akilini vidole vimekutana wapi, kichwa kimefika wapi kwenye kifua chako, bega liko wapi. Halafu panda pikipiki uje. Njiani usisalimiane na mtu, utasahau."

Lazima nikwambie kwamba Kaimu hakuwa mtu wa kukumbatia. Upendo wake aliuonyesha kwa kupeleka gunia la mahindi. Kwa hiyo alipoingia kambini na kumbana mpwa wake kifuani bila salamu, mtoto aliingiwa na hofu.

"Mjomba, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Simama wima."

Na hapo akashtuka. Imrani aliyemjua alikuwa kijiti cha mtoto, wa kubebwa begani. Huyu alikuwa ameongezeka, mgongo umetanuka, ananuka moshi, na moyo wake unadunda kwenye mbavu za mjomba wake. Kumbe angenunua kwa kukisia, angenunua nguo za mtoto ambaye hayupo tena. Kaimu alijaa furaha ya ghafla, furaha ya kutaka kupiga kelele, na akaendelea kumkumbatia hata baada ya vipimo kupatikana.

Alifika Nachingwea mkono wa kulia umeshika wa kushoto juu kidogo ya kifundo, haachii. Dereva wa bodaboda alidhani ameumia.

Fauzia alimpeleka kwenye duka lenye sanamu ya plastiki, kijana asiye na kichwa anayevalishwa nguo barazani. Akaivika koti.

"Kumbatia."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kaka Kaimu, mimi huyo mtoto simjui. Anayemjua ni mikono yako."

Kaimu alitazama kulia, akatazama kushoto. Soko lilikuwa limejaa. Jasho lile la zamani likaanza kazi yake, miguu ikaanza kugeukia upande wa stendi. Akamkumbuka Sikuzani. Akafumba macho, akaikumbatia sanamu.

"Kubwa," akasema.

Fauzia akabadilisha. "Na hili?"

"Dogo. Hapa begani linaminya."

Watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja muuza dagaa akauliza kama mahari ya huyo bwana harusi asiye na kichwa imeshapokelewa. Vicheko vikapasuka. Fauzia wala hakugeuka. Alivua, akavika, akavua, akavika, na ajabu ni kwamba kadiri makoti yalivyobadilika, Kaimu alisahau kuona aibu. Ilikuwa kama kumtafuta mtu gizani na kusikia sauti yake inakaribia. Koti la bluu ya wino lilipofika, vidole vyake vikakutana palepale.

"Huyu hapa," akasema. "Fauzia, ndiye. Ndiye kabisa."

Mama muuza dagaa alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Suruali, shati jeupe, tai ya kufunga kwa lastiki, miwani ya jua, maana mwali wa siku hizi bila miwani anaonekana hajamaliza kuvaa. Viatu vyeusi vya kung'aa Fauzia alivikadiria mwenyewe kwa urefu wa suruali. Kisha akamgeukia Kaimu.

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi nina shati langu."

"Nimeliona. Kaka, mjomba ndiye anayemtangulia mwali. Watu wataanza kukuona wewe."

Hakumpima. Alikuwa amemtazama akikumbatia sanamu na hiyo ilimtosha. Alileta suti ya Kaunda ya kijivu na viatu vya ngozi vya kahawia, na Kaimu alipovaa na kusimama mbele ya kioo, hakukimbiza macho. Alijipenda, na sioni haya kulisema. Alijigeuza huku na huku, akanyanyua mguu mmoja akakitazama kiatu, akashusha, akanyanyua mwingine.

"Umetokelezea," Fauzia alisema, na akaahidi kuja Malolo kuiona kazi yake siku hiyo ikifika.

Siku hiyo ilifika na ngoma zake. Kijiji kizima kilijipanga njiani, akina mama wana khanga mabegani na noti za kutunza viganjani. Sikuzani hakuwa amelala. Fauzia alisimama pembeni yake, anauma kucha. Huko nyuma ya vichaka, mahali ambapo ni wanaume tu, wajomba walikuwa wakiwavalisha wali.

Shati likakaa. Suruali ikakaa. Koti la bluu likakaa kama lilifumwa juu ya mtoto mwenyewe, na hata Babu Jumaa akaguna kwa kuridhika. Kaimu alitaka kuruka. Akapiga goti, akachukua kiatu cheusi, akakisukuma kwenye mguu wa Imrani.

Hakikuingia.

Akalegeza kamba, akasukuma tena. Imrani akauma mdomo, machozi yakamlenga. Fauzia, pamoja na ubingwa wake wote, alikuwa amesahau jambo ambalo kila mama analijua: mtoto wa kiume hukua kuanzia miguuni. Na kumbatio gani lingeweza kumwambia mtu habari za nyayo?

"Jipangeni," Babu Jumaa aliita. "Tunatoka."

Kaimu alimtazama mpwa wake: koti, tai, miwani, na nyayo tupu kwenye vumbi. Akazisikia ngoma. Wapiga ngoma wa leo ni watoto wa wale wa jana, na utani wao haujapungua. Akatazama mguu wa mtoto, akatazama wake mwenyewe, mguu mdogo aliourithi kwa mama yake. Akakaa chini, akavua viatu vya kahawia.

"Vaa."

Viliingia bila shida.

"Na wewe, mjomba?"

"Mimi nilishatoka jando zamani," Kaimu alisema. "Nyanyua kichwa. Twende."

Wakatoka. Mbele Kaimu, suti ya kijivu imenyooka, miguu mitupu. Kicheko kilianza kwa watoto, kikapanda kwa wakubwa, na kabla hajafika kwenye mkorosho wa kwanza, mpiga ngoma alikuwa ameshapata wimbo wa mjomba mwenye suti aliyesahau viatu kwa mkewe. Kaimu alisubiri ule moto wa aibu umpande shingoni. Akasubiri. Haukuja. Kilichokuja ni mdundo wa ngoma, basi akaucheza, mabega juu, vumbi likamrukia suruali, na nyuma yake Imrani akatembea kifua mbele, noti zinabandikwa kwenye koti la bluu.

Sikuzani naye alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha macho yake yakashuka kwenye viatu vya kahawia miguuni mwa mwanawe, yakahamia kwenye miguu ya kaka yake, na kicheko kikakatika. Fauzia aliyekuwa pembeni alikuwa ameshaona. Alifunika mdomo kwa mkono.

Khanga iliyokuwa begani kwa Sikuzani alikuwa ameinunua kwa ajili ya kumtandikia mwanawe apite juu yake. Aliivua, akaingia njiani, akapiga magoti, na akaitandika mbele ya Kaimu.

"Kanyaga, kaka," alisema.

Mama wa pili akatandika yake, na wa tatu, mpaka kwenye baraza la nyumba ya Sikuzani.