Muhuri Wangu Kwenye Pasipoti ya Mutindi

Mashine ya airport ilimkataa dada yangu mara tatu. Wiki tano baadaye ndugu yetu akafa.

Nyumbani kila mtu analaumu mashine. Leo nasema ukweli.

Kaloki alikuwa India, figo zote mbili zimekufa. Tulipopimwa, aliyefaa kumpa figo alikuwa mmoja tu, Mutindi, kitinda mimba wetu.

Hapa Kalamba tuna chama cha ukoo, na mimi ndiye katibu. Chama ndicho kilichompa Mutindi tiketi. Na sheria yetu ni moja: karatasi haitoki chamani bila muhuri.

Siku ya kumwombea safari, pasipoti yake ilipitishwa mkono kwa mkono, wazee wakiishangaa. Ikafika kwangu wakati wengine wako bize kula muthokoi.

Chini ya picha kulikuwa na mistari miwili: herufi, nambari, vimshale vingi. Nikadhani ni urembo.

Nikagonga muhuri hapo hapo. Nikaifunga, nikamrudishia. Jamani, nilijiona mtu!

Airport nilingoja nje. Simu ikalia, Mutindi kaweka spika.

"Madam, mashine inasoma hii mistari ya chini," mhudumu alikuwa akisema. "Sasa wino umefunika number. Hata nikiandika na mkono, huko mbele watakurudisha tu."

"Ndugu yangu anakufa," Mutindi akasema.

"Pole sana. Tafuta passport ingine."

Alipotoka nje hakuniuliza kitu, nami nikanyamaza kama mwoga. Nyumbani akasema mashine imeharibika.

Pasipoti mpya ilitoka Alhamisi. Kaloki alikuwa amefariki Jumanne.

Alirudi kwa sanduku. Kwenye kikao cha mazishi, Mutindi aliniletea barua ya chama ya kuomba viti na hema. Akainama sikioni.

"Gonga, katibu. Hii hakuna mashine itaisoma."

"Ulijua?"

"Jina la chama liko hapo, Mbithi. Naweza kusoma."

"Na mwaitu?"

"Mama hajui. Wacha azike mtoto mmoja, si wawili."

Nikagonga. Muhuri ukakaa upande.

Ndugu msomaji, ukishikishwa pasipoti ya mtu, ile mistari miwili ya chini usiiguse. Kitu usichokijua, uliza kwanza. Mimi sikuuliza.

Mwaitu atasoma haya, maana wajukuu humsomea kila kitu. Nimechoka kulindwa.